Kwa Zhale, Tuliyempa Jina la Umande

Mwanangu Zhale,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Ungekuwepo ungesema, kwa Kiingereza chako cha shule, nikusomee kwa sauti, maana masikio yako yaliijua lugha yangu lakini macho yako hayakuijua. Kila nililokuambia ulilielewa, ukanijibu kwa lugha nyingine, nami nikazoea. Watoto wengi waliozaliwa hapa Johannesburg wako hivyo. Sasa hunijibu kwa lugha yoyote. Basi nimechukua hii, ambayo naweza kulia nayo bila kutafuta maneno.

Niko chumbani kwetu Bellevue, peke yangu. Mama yako ameondoka, nitakueleza. Kitanda chako nilikitoa nje, nikakirudisha, nikakiegemeza ukutani. Mwenye nyumba aliniomba awape wale Wakongo wa chumba cha nyuma, waliojaliwa mtoto. Nikamwambia sawa. Alipokuja kukichukua nikamwambia hapana. Hajaniuliza tena, na nikikutana na yule mama wa Kikongo uani nainamisha kichwa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jina lako. Nilikwenda kwa fundi anayechonga mawe ya makaburi, mtu mpole mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi. Akachukua penseli akaniuliza jina la marehemu. Nikanyamaza. Akasubiri. Alidhani kilio kimenikaba, akaniletea maji. Hakujua kwamba baba aliyesimama mbele yake kweli hakujua aseme nini. Jina lako tulilivutana mpaka siku zako za mwisho, na waliolivuta huku na waliolivuta kule, wote walikupenda.

Hospitalini ulikuwa ukiniomba nikusimulie jina lako lilikotoka. Kila jioni kabla sijaondoka, lile lile, kama watoto wengine wanavyodai hadithi ya sungura. Nitakusimulia tena, na safari hii sitaziruka zile sehemu nilizokuwa nikiziruka.

Ilianza na mvua ya mawe. Unazijua zile mvua za mchana wa kiangazi hapa, jua linawaka, mara mbingu inageuka kijivu cha kijani na mawe yanashuka. Ilinyesha Randburg, ikapasua vioo vya magari na vya maduka. Mimi fundi vioo, nikatumwa kwenye duka moja la mazulia ambalo dirisha lake la mbele lilikuwa limebaki fremu tupu. Mwenye duka alikuwa mzee wa Azerbaijan, yule uliyemwita Mjomba kwa kuwa mama yako alimwita hivyo kwa lugha yake. Chini, juu ya zulia, alikaa mpwa wake, anashona matamvua yaliyong'olewa. Ndiye mama yako.

Nilimwambia mwenzangu anishikie kipimo upande ule wa dirisha. Mjomba akainua kichwa. Akauliza kwa Kiingereza nimesema nini. Nikarudia: dirisha. Akacheka, akasema kwa Kifarsi kuna neno dariche, kijidirisha, na mimi nimelipata wapi huko kwetu Tanga? Yeye alitoka kusini mwa nchi yao, karibu na mpaka wa Irani. Bibi yake alizungumza Kifarsi nyumbani, na biashara ya mazulia ikamlazimisha akijue vizuri. Mama yako akainua uzi mwekundu, akataja neno la rangi kwa lugha yao: rang. Nikamwambia kwetu ni rangi. Akainua pamba. Kwao ni pambig. Nikamwambia hiyo ni pamba, haina mjadala.

Sijui kwa nini kitu kidogo namna ile kilinifurahisha vile. Nilikuwa na miaka mingi katika mji huu na sikuwahi kukuta mtu wa mbali kiasi hicho akiwa na neno langu mdomoni. Mjomba akanieleza kwamba lugha yao ni ndugu ya Kituruki, ila Waajemi walikuwa majirani zao tangu zamani, wakawaachia maneno mengi, na majina ya wasichana hasa. Nami nikamweleza kwamba pwani yetu pia Waajemi walifika na mizigo yao na maneno yao. Kumbe wote wawili tulikula kutoka jiko moja na hatukujuana.

Nilirudi pale dukani kukagua gundi ambayo haikuhitaji kukaguliwa. Nikarudi tena. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulitafuta maneno yanayofanana: kitabu, dunia, saa, habari. Tuliyatumia hayo tu, na yalitosha. Tukaoana kwa Mjomba, kati ya mazulia yaliyokunjwa, na Bibi yako wa Tanga aliuliza kitu kimoja kwenye simu, kama mkwe wake anaswali.

Ulipozaliwa, mama yako alisema jina analo. Zhale. Alikuwa nalo tangu yeye mwenyewe ni mtoto. Kijijini kwa bibi yake, watoto waliamshwa kabla jua halijapanda wakapanguse nyuso kwa umande wa majani, eti unang'arisha uso. Umande wa kila siku wao huuita sheh, nikamwambia kwetu shehe ni mtu mwingine kabisa. Lakini katika nyimbo, na kwa wasichana, umande unaitwa zhale. Tone moja juu ya ua, asubuhi, kabla ya mtu kuligusa. Alinieleza hivyo huku kakushika, na kweli ulikuwa hivyo, mdogo, umelowa, unang'aa.

Mjomba alikuja na chai yake na sukari ya mabonge. Akasema jina ni la Kifarsi halisi, kisha akamalizia yale ambayo mama yako hakuyajua. Kwa Kifarsi zhale ni umande, ndiyo, lakini pia ni mvua ya mawe. Na ni ile barafu nyembamba inayolala juu ya majani asubuhi za baridi. Neno moja kwa vyote hivyo. Waazerbaijani walichukua umande, hayo mengine wakayaacha huko huko. Mama yako alicheka mpaka akakuamsha. Akasema basi ni jina letu barabara, maana mvua ya mawe ndiyo iliyotukutanisha. Nami nikacheka. Tulicheka sote watatu, mwanangu, juu ya kichwa chako.

Sehemu ya kwanza niliyokuwa nikiiruka ni hii. Nilimpigia Bibi yako Tanga kumpa jina. Kwenye karatasi tuliliandika kwa herufi za mama yako, na kwao sauti ile inaandikwa kwa J, kwa hiyo nilimtumia likiwa limeandikwa Jale. Bibi akasema, mbona kama jela? Nikamfundisha kulitamka. Akajaribu, akashindwa, akauliza maana yake. Nikamwambia umande.

"Umande unakauka, mwanangu," akaniambia.

Nikamjibu kwamba jina ni jina tu. Habari ya mvua ya mawe sikumwambia. Na wewe nilikuambia siku zote kwamba Bibi alilipenda jina lako tangu siku ya kwanza.

Shuleni unajua yaliyotokea. Mwalimu alilisoma kwa Kiingereza, likawa ndilo lile neno la gerezani, darasa zima likacheka. Ulirudi ukakataa kula. Mama yako akakukalisha hapa, hapa nilipokaa, akakuonyesha: ulimi kama unataka kunyamazisha mtu, kisha uvume kama nyuki. Siku ya pili ukaenda ukawafundisha. Mwalimu alituambia baadaye kwamba watoto wote walikuwa wanavuma darasani, akashindwa kufundisha hesabu. Watanzania wenzangu pale msikitini walikuita Jali, kwa kuwa ndivyo ndimi zao zilivyoweza, nawe uliwaitikia kwa adabu, halafu ukifika nyumbani unaniambia jina lako wamelifanyia marekebisho.

Nilikuwa nakuambia mvua ya mawe ni riziki yetu. Ndivyo ilivyokuwa. Ikinyesha, karakana yetu ya Randburg inajaa magari yenye vioo vilivyopasuka, nami narudi na kuku wa kuchoma. Ulikuwa ukisikia mawe ya kwanza juu ya bati unapiga makofi. Ulisema ni wewe unashuka.

Kisha zikaja alama za kijani kwenye miguu yako. Tulidhani ni michezo. Zikaja homa. Zikaja damu puani. Daktari alituita ofisini akafunga mlango, akatuambia ni saratani ya damu, na mama yako akaniuliza mimi maana ya neno alilolisikia, kwa sababu halikuwa miongoni mwa yale yanayofanana.

Sina nguvu ya kuandika ile miezi. Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwepo zaidi yetu. Nywele zako zilipoanguka mama yako alikufunga kitambaa chenye maua, na wauguzi wakakuita malkia. Ulikuwa unaogopa sindano ya mgongoni tu, mengine yote ulisema unaweza.

Hapo ndipo Bibi alipolirudia jina. Alinipigia analia, akasema jina limekuwa zito kwa mtoto, libadilishwe. Usimwone mbaya. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto akiugua asipone, anapewa jina jingine, ili maradhi yakija kumtafuta yasimkute. Kaka yangu mkubwa alibadilishwa jina akiwa mchanga, na yuko hai, anatengeneza pikipiki Tanga na jina lake la pili. Ningemwambia nini mama yangu? Kwamba ni upuuzi? Mwanawe mzima anapita mbele yake kila siku. Na wewe ulikuwa unapungua. Kama mtu angeniambia nibadilishe jina langu, la baba yangu na la mji huu, ningebadilisha.

Bibi alikuwa ameshachagua. Salama.

Nikamwambia mama yako. Alikuwa anakunja nguo zako. Hakupiga kelele, unamjua.

"Mtoto anaumwa damu," akasema. "Jina lake haliumwi."

Tukakaa hivyo wiki nyingi. Tunasafiri pamoja kwenye teksi kuja hospitali, tunasimama roboti baada ya roboti, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, hatusemi. Nilimwambia kwamba haitadhuru kujaribu. Akasema itadhuru, kwa sababu mtoto atajua kwamba baba yake anaamini anakufa. Nikamwambia yeye hataki kwa kuwa ni desturi yangu si yake. Akasema hapana, hataki kwa kuwa jina ni kitu cha kwanza alichokupa, kabla hata ya maziwa, na huwezi kumnyang'anya mgonjwa kitu. Mjomba alijaribu kutupatanisha. Alijuta kwamba aliwahi kutuambia maana zile nyingine. Alisema angenyamaza siku ile, jina lingebaki umande, na sisi tungepungukiwa na kitu kimoja cha kuogopa.

Halafu ile Jumamosi. Nilikuwa nimekushikia simu, Bibi anazungumza nawe, na sauti yake ilisikika wodini kote. Akasema kuanzia leo mjukuu wake anaitwa Salama, amekwisha kutoa sadaka, amekwisha kuwaambia majirani wakuombee kwa jina hilo. Mama yako akainuka akatoka. Nilifikiri hukuelewa. Nikazima simu, nikajifanya natengeneza mto.

Ukaniuliza kwa nini Bibi halipendi jina lako.

Nikakuambia Bibi anaogopa tu, wazee wanaogopa. Ukafikiri, ukiwa umefumba macho, nikadhani umelala. Kisha ukasema, na hii mara moja tu ulisema nami kwa Kiswahili, pole pole, ukitafuta kila neno:

"Baba, kwa Bibi mimi Salama. Kwa Ana mimi Zhale. Usimwambie Ana."

Ana, ndivyo ulivyomwita mama yako, kama watoto wa kwao. Mtoto wa darasa la kwanza. Umelala na mirija mikononi, na unatugawia majina ili tusigombane. Nilikwenda chooni nikafungua bomba la maji lisikike.

Ukatimiza. Bibi akipiga akauliza, Salama hajambo? unajibu, sijambo Bibi, na huko Tanga mama yangu analia kwa furaha, anawaambia watu kwamba mtoto sasa anaitika kwa sauti nzuri. Mama yako aligundua. Alirudi mapema siku moja, akakuta unaitika. Nilijua yamekwisha kati yetu. Lakini hakunigusa wala hakunitazama. Alisubiri simu iishe, akakaa kitandani kwako, akakufunga upya kile kitambaa, akakuita Zhalem, Zhale wangu. Akakuita hivyo mara nyingi sana, taratibu, kama mtu anayejaza maji kwenye chombo chenye tundu.

Majina yote mawili hayakukuzuia.

Ulikwenda mchana, saa ya kutembelea wagonjwa, wakati watu wa kitanda cha pili wanamenya machungwa. Ilikuwa baridi kali ya hapa, ile kavu, isiyo na mawingu. Nilikuwa nimeshika mguu wako na mama yako kichwa. Sitaandika zaidi.

Tulikuzika kesho yake asubuhi. Mama yako alibaki ndani ya gari la Mjomba, nje ya uzio, kioo akiwa amekishusha. Makaburi yote yalikuwa meupe. Barafu ilikuwa imelala juu ya majani, nyembamba kama chumvi, na viatu vya watu vikaacha nyayo nyeusi. Mjomba alisimama karibu nami. Alitazama chini muda mrefu, kisha akasema polepole kwamba hii pia ni zhale. Sidhani alitaka kunisemesha. Tuliikanyaga kwenda kukuweka, na tuliporudi jua lilikuwa limeshaiyeyusha, majani yamelowa tu. Mama yako sikumwambia. Lakini yeye alikuwa na macho, na aliyaona yale majani.

Watu walikuja hapa nyumbani na maneno yale ya siku zote. Kwamba wewe ni ndege wa peponi. Kwamba tutakukuta. Naamini, mwanangu, au nadhani naamini, lakini nikiinama kwenye swala sioni pepo, naona kitanda cha chuma. Nilimwambia imamu. Akasema itapita. Haijapita.

Miezi ile ya baridi mama yako alikuwa anaishi. Alikwenda dukani, alishona mazulia, alipika. Hatukugombana tena kwa sababu hapakubaki cha kugombea. Nilianza kutumaini kidogo. Kisha kiangazi kikarudi, na mchana mmoja mvua ya mawe ikanyesha. Mimi nilikuwa karakana. Bosi alisimama mlangoni anatazama mawe yanavyorukaruka barabarani, akasema eish, kesho kazi ni nyingi. Niliendelea kukata kioo. Nikaharibu viwili.

Niliporudi nilimkuta mama yako amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda chako. Bati la nyumba hii unalijua, linavyopiga kelele. Akaniambia mawe yalidumu sana, na kila jiwe lilikuwa linakutaja. Akasema alijaribu kuziba masikio, na akaona anafanya vibaya, anaziba masikio wakati mtu anamwita mwanawe. Akatoa mikono akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, bila hasira yoyote, kwamba hawezi kukaa katika mji ambao mbingu yake inajua jina la mtoto wake. Huko kwao, alisema, zhale ni umande tu. Umande hauna sauti.

Nilimsihi. Nilimwambia twende wote Durban, twende Tanga, popote. Akanishika uso, akasema kwamba hata mimi nimebeba jina lako usoni. Mjomba alimnunulia tiketi. Nilimsindikiza uwanja wa ndege na tulikumbatiana kama watu wanaofahamiana zamani. Tangu hapo yeye ananijibu kwa nadra. Siku nyingine ananitumia picha ya dirisha, hakuna kitu ndani yake, bustani tu.

Basi ukafika wakati wa kuweka jiwe. Ubao wa mbao uliowekwa siku ya mazishi ulikuwa umepasuka kwa jua. Nilimpigia Bibi. Akasema ni Salama, bila shaka, ndilo jina ulilokwenda nalo, ndilo alilokuombea. Akasema kwa sauti ya mtu anayeomba, si ya kuamuru. Amezeeka sana mwaka huu. Nikamwandikia mama yako, nikamweleza kwamba fundi anataka jina. Hakujibu. Ndipo nilipokwenda kwa yule fundi na kusimama mbele yake bila neno.

Nikiwa bado pale, glasi ya maji mkononi, simu ikatetemeka. Mama yako alikuwa ametuma jina lako tu, hakuna salamu, hakuna mengine: Jalə. Ile herufi ya mwisho, e iliyopinduliwa juu chini. Nilikuwa nimeisahau, nimezoea kukuandika kwa herufi za watu wa hapa. Nikamwonyesha fundi. Akasema mashine yake haina herufi hiyo. Akalitazama jina, akauliza lina maana gani. Nikamwambia umande. Nikamwambia na mvua ya mawe. Nikamwambia na ile barafu ya asubuhi. Akasema kwa binti mmoja ni mengi. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi ile herufi ataichonga kwa mkono.

Akaichonga. Imekaa vizuri, imeinama kidogo.

Nilimwambia Bibi usiku huo huo. Nilitegemea alie au akate simu. Akaniomba nimfundishe tena kulitamka. Akajaribu, mara kwa mara, na meno hana, halikuja. Mwisho akasema yeye ataendelea kukuombea kwa Salama kwa kuwa ulimi wake umeshazoea, na Mungu anajua anamzungumzia nani. Sikumpinga. Sikumwambia pia kwamba uliitika jina lile kwa ajili yake. Wewe ndiye uliyemficha, na mimi nitamficha.

Nilidhani jiwe likisimama kitu fulani ndani yangu kitakaa chini. Hakikukaa. Nilisimama pale nikasoma jina lako nikaona ni jiwe, na wewe hupo. Nimekuambia asili ya jina lako yote, Kifarsi na Kiazerbaijani, nani alilichukua kwa nani, na nini kiliachwa njiani. Najua linatoka wapi. Sijui limekwenda wapi. Nikilitamka humu chumbani hakuna kinachogeuka.

Sasa kila mtu ananiambia niondoke. Mjomba anafunga duka, umri umekwenda, anarudi kwao kusini. Bibi ananisihi nirudi Tanga. Kaka yangu amenitafutia nafasi kwenye karakana ya rafiki yake, na chumba kimepakwa rangi. Wenzangu msikitini wanasema mji huu umenila vya kutosha. Wote wana haki. Sina mke hapa, sina ndugu, sina kinachonifurahisha. Nikiamka sijui naamkia nini. Nimeshafunga begi langu mara moja, nikakaa juu yake mpaka kukapambazuka, nikalifungua.

Kwa sababu wewe hukuletwa hapa kutoka mahali. Wewe ndiye mwenyeji. Mama yako ana kwao, mimi nina kwetu, Mjomba ana kwao. Wewe kwenu ni hapa, na umelala kati ya watu ambao hakuna anayejua kukutamka.

Kwaheri, mwanangu. Siwezi kukuahidi kwamba nitapona, wala kwamba nitaacha kumwuliza Mungu maswali. Nakuahidi hili moja. Siondoki Johannesburg. Watakwenda wote, nami nitabaki.

Baba yako